Jiwe Lililobaki Koponi

Jambo lote lilinigharimu siku saba, faranga laki mbili na elfu kumi na nne, na goti la kulia, ambalo tangu nirudi halikunjuki bila kulalamika. Nimehesabu mara mbili. Jiwe lenyewe halina bei. Ni dogo kama yai la kuku, na kwenye vitundu vyake bado kuna chokaa.

Mama ndiye aliyenituma. Anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwangu Gitega, hapa Rwanda, na mwaka huu moyo wake umeanza kuchoka. Daktari anasema asipande ngazi. Kwetu Gitega, mtaa wa mlimani, ngazi ndizo njia. Alinipa jiwe limefungwa kwenye leso, akasema, "Mwanangu, lirudishe lilikotoka. Umwombe yule kijana msamaha kwa niaba ya babu yako. Sitaki niondoke na neno hilo kifuani."

Habari za kijana huyo nimezisikia tangu utotoni, tulipokuwa bado Tanzania. Wakati wa ile vita kubwa ya pili ya Wazungu, babu alitoka Rwanda kwa miguu kutafuta kazi, akaishia Kenya, kwenye uwanja wa ndege uliofyekwa huko nyanda za baridi. Vijana wa Kizungu, wengine ndevu hazijaota, waliletwa pale kufundishwa kurusha ndege za kivita. Ndege zenyewe zilikuwa na kiti kimoja. Mwalimu alibaki chini shingo juu, mwanafunzi akajijue mwenyewe huko huko. Uwanja ulikuwa majani matupu. Mvua ikinyesha, ndege zilichomeka pua matopeni, na vibarua walizivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyetumbukia shimoni.

Babu alikuwa na kazi mbili. Alijaza petroli kwa madebe, na alihesabu ndege kwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa. Ikiruka moja, jiwe moja koponi. Ikitua, jiwe moja nje. Kopo likiwa tupu, watu walikwenda kula.

Siku moja ziliruka saba, zikarudi sita. Asubuhi hiyo, akiijaza ile iliyopotea, babu aliitwa akasukume nyingine. Aliporudi hakukumbuka kama debe aliloshika lilikuwa la tano au la sita. Aliona aibu kuuliza. Giza lilipoingia na jiwe bado limo koponi, alijua amemuua mtoto wa watu kwa debe moja la petroli. Akalitia mfukoni, akatoroka bila kungoja mshahara, akavuka hadi Tanzania. Huko ndiko alikomzaa mama. Kwao Rwanda hakurudi tena, na mpaka uzee wake akisikia gari alikuwa anaingia ndani. Ndiyo maana kwetu kila kitu huhesabiwa mara mbili, hata vijiko.

Alipokufa, jiwe likabaki kwa mama. Tangu hapo mama humwombea misa kijana huyo kila mwaka. Sisi aliotuzaa siku zetu za kuzaliwa huzichanganya, lakini siku aliyopotea huyo hajawahi kuisahau. Humwita mtoto wangu wa angani.

Gatsata, ninakouza vipuri vya magari vilivyotumika, fundi jirani yangu alinicheka. "Bosi, unapanda basi siku mzima juu ya jiwe tu? Huko mawe haiko?"

"Hili narudisha."

"Basi leta risiti."

Uwanja niliukuta umekuwa shamba la maharagwe. Kilichobaki ni sakafu ya zege iliyopasuka, na mbuzi wamelala juu yake. Mwenye shamba ni mzee wa miaka sabini na kitu. Baba yake alikuwa mpishi wa kambi ile. Nilitoa jiwe, nikaanza kumweleza, wala hakuningoja nimalize.

"Mzungu wa ng'ombe!" Akajipiga paja. "Hiyo stori tumekula nayo ugali miaka yote!"

Kumbe kijana alipotea mawinguni, akatua kwenye shamba la mtu, mbali. Siku ya tatu akaletwa kambini kwa mkokoteni wa ng'ombe, amekaa juu ya gunia, hata mkwaruzo hana, wenzake wanampigia makofi.

"Na petroli?" nikauliza. "Haikumwishia?"

"Imwishie wapi? Ile waliyoinyonya kwenye ndege ililetwa na mkokoteni huo huo. Madebe!"

Mimi ni mtu wa soko, bei ya kwanza siiamini. Nikaenda nyumba ya pili, kwa dada yake, nikamuuliza peke yake. Akasema yale yale, mpaka gunia. Yeye aliongeza kuku wawili tu.

"Aliyetuhuzunisha ni yule Mnyarwanda wa kuhesabu," akasema. "Alitoroka bure, maskini. Walimngoja na mshahara wake mwezi mzima. Mwishowe baba akauchukua, akanunua mbuzi."

Nikageuka kuwatazama wale mbuzi kule kwenye zege. "Hao?"

"Aa, hao ni vitukuu," akasema, bila haya hata kidogo.

Nilikaa pale mpaka goti likagoma. Sikuwa na wa kumwomba msamaha. Na jiwe sikuliacha, maana lilitakiwa litoke koponi siku ile mkokoteni ulipoingia, na wa kulitoa hakuwepo.

Nilipofika nyumbani mama aliuliza kabla sijavua viatu. "Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Umemwomba?"

"Nimechoka, mama. Nitakueleza Jumapili."

"Sawa, pumzika. Jumapili ndiyo misa yake. Nimemwambia padri itakuwa ya mwisho, mtoto wangu sasa ametulia."

Leo ni Ijumaa. Jiwe liko dukani, kwenye droo, chini ya plagi kuukuu. Nikimweleza yote, babu anatoka kuwa muuaji, lakini mama namnyang'anya mtoto aliyemlea kwa sala miaka hiyo yote, na namwachia baba aliyejificha maisha yake yote kwa kitu ambacho hakikutokea. Nikinyamaza, ataondoka akiamini baba yake aliua. Nimepima mara mbili, na safari hii kupima hakusaidii. Ninyi mlio na wazazi wazee ndani, nishaurini kabla ya Jumapili: nimwambie, au nimwache na mtoto wake?