Insha Iliyoomba Maelekezo

Kila asubuhi darasa zima liliniamkia. Nikikanyaga tu mlangoni, shikamoo zilinijia kutoka kila upande, nami nikaitikia marahaba, marahaba, mpaka nilipofika kwenye kiti changu cha mbele. Hapo mazungumzo yangu na wanafunzi wenzangu yakawa yamekwisha kwa siku hiyo. Waliniita mama. Sikuwa na mtoto, na miaka arobaini nilikuwa sijaifikia, lakini wao walikuwa wametoka chuo kikuu juzi tu, na mtu anayekuja darasani na mkoba wa ofisini na sweta la kufuma wangemwita nani? Siku ya kugawana vikundi vya majadiliano walitazamana, kisha mmoja akasema kwa adabu zote kwamba mama asisumbuliwe, ana majukumu. Majukumu yangu yalikuwa kurudi kwenye chumba nilichopanga nje ya mji, huko njia ya Kikwe, na kula makande ya jana.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakitangazwa kuuzwa, moja baada ya jingine. Shirika langu lilikuwa mjini Arusha, likisambaza majembe, plau na mabomba ya kunyunyizia dawa, na tangu wafanyabiashara waruhusiwe kuleta bidhaa zao wenyewe, wakulima walikuwa wamelisahau. Maghala yalijaa vitu ambavyo hakuna aliyevitaka. Nilikuwa mhasibu pale tangu usichana wangu. Nilipoomba likizo ya masomo nikasome shahada ya uzamili ya uhasibu, meneja alikubali upesi mno, na nikajua kwamba nikirudi sitaikuta meza yangu. Kwa hiyo sikuwa na pa kurudi. Ama nimalize masomo nipate kazi kwingine, ama nikalime kwa kaka yangu.

Hesabu hazikunisumbua. Kilichonishinda ni insha. Kulikuwa na insha moja kubwa, juu ya namna ya kuthamini mali za mashirika kabla ya kuyauza, na ukiifeli mara mbili unaondolewa chuoni. Vijana waliita kudisko, na walilitamka neno hilo wakicheka. Mimi sikucheka, ila sikuogopa pia. Kuandika ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya maisha yangu yote, nilijiambia, hawa watoto watanifundisha nini?

Nikaiandika kwa mkono, nikaipeleka mjini kwa mwenzangu wa miaka mingi, mpiga chapa wa shirika letu. Alikuwa mwanamke wa Oldonyo Sambu, rika langu, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hakuna karatasi yangu iliyowahi kwenda kwa meneja bila kupita kwenye mashine yake. Tulikula pamoja mchana, tulichangiana misiba, na ng'ombe wake nilijua hata tabia zao. Alimaliza kupiga chapa, akagonga karatasi mezani zikae sawa.

"Imekaa vizuri," alisema. "Hiyo hata Wizarani inafika."

Mhadhiri alinirudishia baada ya wiki chache. Ilikuwa imeoga wino mwekundu. Kila nilipoandika kwamba jambo fulani linafahamika, pembeni aliuliza nani kasema, na amesema wapi. Chini kabisa alikuwa ameandika: Na wewe unasemaje? Kisha alama, ambayo sitaitaja.

Nilimfuata ofisini kwake nikiwa nimefura. Alikuwa Mchaga mmoja mpole, mdogo kwangu, na kabla sijafungua mdomo akasimama akaniamkia. Ni vigumu kugombana na mtu aliyekwisha kukupa shikamoo.

"Mama, hili ni dokezo," alisema, akaiweka insha katikati yetu. "Hebu itazame mwenyewe."

Nikaitazama. Aya zilikuwa zimepewa namba, kama tulivyoandika madokezo kwenye majalada ya ofisi. Aya ya kwanza ilieleza chanzo cha suala. Zilizofuata zilitaja faida za njia moja na hasara zake, faida za njia ya pili na hasara zake, bila kuegemea popote. Na aya ya mwisho, Mungu nisaidie, ilisema kwamba suala hili linawasilishwa kwa uamuzi na maelekezo.

"Ofisini ndivyo inavyotakiwa," nilisema.

"Najua. Ila hapa hakuna bosi. Hakuna atakayeandika pembeni nakubali, au tuzungumze. Ukishamaliza kupima, unaamua wewe, na unaeleza kwa nini."

"Na nikikosea?"

"Mwingine ataandika kwamba umekosea. Kwa jina lako."

Alinipa makala kadhaa nikasome. Nilizisoma chumbani, msimu ule wa baridi ambao ukungu unashuka kutoka Meru na kukaa juu ya migomba mpaka saa sita mchana. Mama mwenye nyumba aliongea Kimeru na ng'ombe wake siku nzima, na mimi niliona wivu, maana ng'ombe walijibiwa. Siku nyingine jioni iliingia sijatoa sauti tangu asubuhi. Kuna upweke wa kukosa watu, huo nilikuwa nao tayari. Makala zile zikaniongezea mwingine.

Wale waandishi walibishana. Mmoja alimtaja mwenzake kwa jina, akataja na mwaka, akasema hoja yake haisimami, halafu akasimama yeye na ya kwake, peke yake, hadharani. Nilishtuka kama niliyesikia watu wakitukanana kanisani. Ofisini kwetu kumpinga mkubwa kulifanywa kwa kunyamaza, au kwa kulichelewesha jalada. Na hata ulipokuwa na la kusema, ulilisema kwa niaba. Nilikuwa nimetia sahihi kwa niaba ya meneja mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na sasa ninaulizwa ninasemaje. Nilikaa na swali hilo siku nyingi nikagundua jambo lililonitisha: nilikuwa na jibu, na nililijua zamani.

Nililijua kwa sababu maghala yale nilikuwa nimeyahesabu mimi. Kila mwisho wa mwaka tuliandika majembe yenye kutu kwa bei tuliyoyanunulia, kana kwamba kesho yake wakulima wangepanga foleni. Yangethaminiwa kwa haki, ingeonekana kwamba shirika lilifilisika miaka mingi kabla ya kutangazwa kuuzwa. Na kama lilifilisika, basi kuendelea kulipa mishahara ya wafanyakazi wake, mimi nikiwemo, hakukuwa na msingi wowote wa kihasibu. Lilipaswa kufungwa mapema. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na ndivyo ninavyoamini hadi leo.

Nikaandika upya. Safari hii kila nililolichukua kwa mtu nilimtaja mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na mwisho nikaandika hitimisho langu bila kumwachia yeyote uamuzi. Halafu nikakumbuka kwamba insha lazima ipigwe chapa.

Wapiga chapa walikuwepo mjini, vibanda tele. Nilisimama karibu na mnara wa saa nikavifikiria. Lakini kumpelekea mtu baki insha hii, baada ya miaka yote ile, kungekuwa kumkimbia mwenzangu, na mjini Arusha angesikia. Nikaenda kwake.

Alinipokea kwa furaha, akanimiminia chai. Ofisi ilikuwa nusu tupu. Watu waliingia siku hizo kusaini tu, wakisubiri tangazo la watakaopunguzwa. Akaanza kupiga chapa huku akinisimulia habari za mtamba wake aliyekaribia kuzaa. Insha ilikuwa kwa Kiingereza, nacho alikisoma kidogo kidogo, lakini alikuwa amekipiga chapa maisha yake yote. Kufika ukurasa wa mwisho, mtamba akasahauliwa. Baadaye na mashine ikanyamaza.

"Dada," alisema, "hapa umesahau kuweka jina."

"Jina gani?"

"Huku kote kila neno umeonyesha ni la nani. Hapa kwenye mishahara yetu hapana mtu."

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Ningeweza kumwambia kwamba ni la kitabuni, na angeniamini.

"Hilo ni langu," nilisema.

"Lako wewe?"

"Ndiyo. Langu."

Hakuonyesha hasira. Ingekuwa afadhali angeonyesha. Kisha akairudia mashine, akaipiga sentensi ile mpaka nukta yake, bila kosa hata moja, akazigonga karatasi zikae sawa na kunitilia kwenye bahasha. Siku zote alinisindikiza hadi getini, na pale getini ndipo tulipozungumzia mambo yetu ya maana. Siku ile alisema tu, "Haya, safari njema," akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

Nilifaulu. Mhadhiri aliniita ofisini, akanirudishia insha kwa mikono miwili, akasema sasa amenisikia. Nilitoka pale kwa furaha. Nje vijana walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakilinganisha alama zao, wakaniamkia, nikaitikia, nikapita. Sikurudi chumbani. Nilienda mjini moja kwa moja, ofisini kwetu, nikaipita meza ya mapokezi iliyokuwa haina mtu, nikafika kwenye chumba cha mwenzangu. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai lake. Mlinzi akaniambia kwamba tangazo lilitoka wiki iliyopita, na mama wa chapa alishachukua vitu vyake akarudi kwao Oldonyo Sambu.

Nilisimama pale na ile insha mkononi. Mtu pekee niliyetaka kumwonyesha alikuwa ameshaisoma.