Wubit na Watu Walionyamaza

Hapa Gondar hakuna asiyemjua Wubit, mwimbaji wa nyumba ya pombe ya asali ya Mzee Molla, na wengi wetu ametuumbua hadharani tukaishia kucheka. Mumewe, Gashaw, akishaanza kupitisha uta kwenye masinko, kifidla chake cha uzi mmoja, Wubit huzunguka meza kwa meza. Mwenye jambo moyoni humrushia mstari, naye huudaka papo hapo na kuutia kwenye wimbo. Bila maneno ya watu hana wimbo, na hulisema hilo bila aibu.

Mwaka juzi waliitwa Ulaya. Ukumbi mkubwa, taa zote zimemwelekea yeye. Akaimba ubeti wa kwanza, akangoja. Kimya. Akaimba mwingine, akangoja tena. Watu wametulia tuli, mikono mapajani. Gashaw anasema mkewe alitokwa jasho, akidhani wamemchukia. Ndipo mwanamume mmoja wa kwetu, mfagizi wa ukumbi huohuo, alipokuja mbele na kumnong'oneza, "Mwambie mama kwamba Jumatano bado nafunga, kama kanisa letu linavyotaka." Wubit akaliimba hilo mpaka wenyeji wasiojua hata neno moja la Kiamhari wakafuta machozi. Sauti ile, acheni tu.

Alirudi na jina kubwa. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, nyumba ya Molla ilifurika, watu bado wamejitanda shuka zao nyeupe za kanisani. Tulikuwa tumesikia jinsi alivyosikilizwa huko, basi nasi tukampa heshima ileile. Tukanyamaza. Tulijiona wastaarabu kwelikweli. Akamaliza ubeti, akangoja, na hakuna aliyefungua kinywa.

Wubit akamshika Gashaw mkono, masinko ikakoma.

"Nimewakosea nini?" akauliza. Akamgeukia Bayush, muuza pilipili, ambaye zamani hakuwa na mpinzani kwa kurusha mistari. "Na wewe Bayush, nani kakukata ulimi?"

"Nikupe nini, dada? Umeshazoea wakubwa. Yangu mimi ni maneno ya sokoni."

"Hayohayo ya sokoni ndiyo yaliyonilea. Mkininyima, nitakuwa mgeni hapa kama nilivyokuwa mgeni kule. Nipe, hata kama ni matusi."

Bayush alikusanya pindo la shuka yake. Kisha akainuka, akamsogelea sikioni, lakini sote tulimsikia.

"Imba hivi: ulipokuwa ukiwaimbia wageni, nilimzika mume wangu, na sikuwa na wa kunisemea."

Gashaw akainua uta. Sauti ya Wubit ilikatika katikati ya mstari ule, akaurudia tangu mwanzo, na alipoufikisha mwisho Bayush akampa mwingine.