Diski Mpya za Mteremko wa Gesima

Nilipopandishwa cheo katika ofisi ninayofanyia kazi mjini Nyamira, nilinunua gari ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyelielewa. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, jekundu, lenye milango miwili na tumbo lililokaribia kugusa lami. Mume wangu, mwalimu wa hisabati, alilizunguka mara moja akauliza tutabebea wapi ndizi. Nikamwambia ndizi zitakaa kiti cha nyuma, maana binadamu hawezi kukaa pale. Akacheka.

Mama yangu anaishi Gesima, juu kwenye mashamba ya chai. Kwenda kwake ni kupanda. Kurudi ni mteremko mrefu wenye kona. Jumapili moja tulikuwa tunarudi, na kila nilipogusa breki usukani ulitetemeka mikononi mwangu. Mtetemo huo nilikuwa nimeuzoea, nikiamini ndivyo magari ya aina hii yalivyo. Kilichofuata sikukizoea. Pedali ya breki ililegea chini ya mguu, ikazama karibu na sakafu, na gari likaendelea kwenda. Nilishusha gia, nikashusha tena, injini ikanguruma, huku nikipiga pedali kama mtu anayepampu maji. Bahati yetu ni kwamba baada ya kona ile barabara inainuka kidogo. Mwendo ukapungua, nikavuta breki ya mkono, tukasimama kando ya chai. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi.

Mume wangu alishuka akaketi kwenye nyasi. Nilingoja anigombeze, na nadhani ningefarijika kama angenigombeza. Badala yake aling'oa majani akayatupa, kisha akaniuliza, "Utaliuza au utalitengeneza?"

"Nitalitengeneza."

"Basi nitakuwepo likitengenezwa."

Gari lilivutwa na pikapu hadi Kisii, kwa fundi wa makamo aliyewahi kuhudumia magari ya mashindano. Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeshachagua kwenye simu diski mpya za breki, zile sahani za chuma zinazobanwa ili gurudumu lisimame. Zilikuwa zimetobolewa matundu kila mahali, na nilikuwa nimeona picha jinsi zinavyong'aa kati ya vyuma vya rimu. Fundi alizisifu, akasema yeye pia aliwahi kuwa nazo. Kisha akanipa diski moja kuukuu nishike, akanionyesha nyufa nyembamba zilizotoka tundu moja hadi jingine. Alieleza kwamba joto la miteremko yetu, siku baada ya siku, ndilo lililofanya hivyo. Aliweka kando yake diski nyingine mbili: moja laini kabisa, na moja yenye mifereji michache iliyochorwa usoni kwa mshazari ili kukwangua vumbi na kutoa hewa ya moto. Zote mbili zilikuwa nene, zenye nafasi katikati ya kupitisha upepo.

Nilizishika kwa zamu. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Sitasema uongo, moyo wangu ulikuwa bado kwenye matundu, lakini nilipofumba macho niliona moshi ule wa Gesima. Nikachagua za mifereji.

Fundi alipendekeza tuchukue saizi kubwa kidogo kuliko zilizokuwepo. Hapo mume wangu aliomba rula. Alichuchumaa mbele ya gurudumu, akapima ndani ya rimu, akapima kalipa, ile mikono ya chuma inayobana diski. Akasema zikiwa kubwa kalipa itakwaruza rimu. Fundi akapima naye, akakubali, tukabaki na saizi ya kiwanda. Kisha mume wangu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: ikiwa diski zilizochakaa ndizo zinazotetemesha usukani, pedali ililegea kwa nini?

"Hiyo ni mafuta ya breki, Mwalimu," fundi akasema. "Yamezeeka, yakachemka. Tukibadilisha diski tukaacha hayo mafuta, tumefanya kazi nusu."

Kwa hiyo tukaagiza vyote pamoja: diski, padi za kuzibana, na mafuta yanayostahimili joto.

Siku ya kufunga diski nilivaa dera kuukuu nikashika msasa. Kazi yangu ilikuwa kusugua kutu mahali diski inapokalia. Gurudumu la kushoto nililisugua harakaharaka, na fundi alipoweka kipimo chake na kuzungusha diski, mshale ukayumba. Akaivua. Nikarudia kusugua hadi chuma kikang'aa, akairudisha, na safari hii mshale ukatulia. Diski zenyewe tulizifuta mafuta ya kiwandani kabla ya kuzibana. Kisha akahitajika mtu wa kukanyaga pedali wakati mafuta ya zamani yanatolewa. Mume wangu hakuwa amewahi kuketi upande wa dereva wa gari lile. Alirudisha kiti nyuma, akaingiza miguu yake mirefu, akatii kila neno: kanyaga, shikilia, achia. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa. Yalipoanza kutoka safi, alisema kwa sauti ya mshangao kwamba pedali imekuwa ngumu.

Fundi alituonya kwamba diski mpya hufundishwa kwanza, zizoeane na padi. Tukaenda upande wa Ogembo, mahali barabara ilipokuwa tupu, nikaongeza mwendo na kupunguza, nikaongeza na kupunguza, bila kusimama kabisa. Harufu ya kuungua ilijaa ndani. Mume wangu alifungua dirisha akakumbuka kwa sauti kwamba tuliambiwa harufu itakuwepo. Baadaye niliendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zikapoa.

Jumapili iliyofuata tulipanda Gesima. Mama aliuliza kwa Ekegusii kama gari limepona, nikamwambia tutajua tukirudi, jibu ambalo halikumpendeza hata kidogo. Wakati wa kuteremka mvua ilikuwa inanyesha. Tulipoizunguka kona moja, lori la kukusanya chai lilikuwa limesimama barabarani na wanawake wanapakia magunia. Nilikanyaga. Pedali ilisimama juu, imara, usukani haukutikisika, na gari likatua nyuma ya lori kwa nafasi ya kutosha. Mwanamke mmoja alitutazama, akaendelea na gunia lake.

Nilihisi mabega yangu yakishuka. Wiki zote hizo nilikuwa nimeyakaza bila kujua. Nilianza kucheka, machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Mume wangu alingoja nimalize. Tangu ninunue gari alikuwa akienda shule kwa pikipiki, akidai wanafunzi watamcheka wakimwona akitoka ndani ya kitu kile. Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, akasema, "Kesho nina somo la kwanza. Utanipeleka?"

Nikamwambia nitampeleka. Lori likasogea pembeni, nasi tukaendelea kuteremka.