Gundi Mshononi Tu

Mzee Zebedayo alitengeneza majeneza kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kazi yake hata moja ambayo wewe ungeweza kwenda kuitazama. Zote zimefukiwa. Hata kabla ya kufukiwa hazikuonekana, kwa sababu wateja wake wa Makorora, hapa Tanga, walitaka jeneza livikwe kitambaa: cha zambarau kwa mtu mzima, cheupe kwa mtoto, na lesi pembeni. Alikuwa anapiga randa mbao mpaka inakuwa laini kama shavu, anaunganisha pembe bila kuacha upenyo wa unywele, halafu anachukua misumari midogo na kuificha kazi yote chini ya kitambaa.

Lesi nilikuwa namshonea mimi. Nina cherehani yangu Ngamiani, na kila alipopata kazi alinitumia ujumbe.

"Mwanangu Yudith," aliniambia siku moja nilipompelekea, "umri wote huu nachonga, na hakuna mtu aliyewahi kuiona mbao yangu."

Nikamwambia Mungu anaiona. Ni majibu ya hovyo ambayo sisi wanakwaya huwa nayo tele mdomoni.

Jirani yake Sele, fundi vitanda, alikuwa akimtania kwa hilo. "Sisi Waislamu jeneza letu ni moja, linapeleka maiti na kurudi msikitini," alisema. "Lingekuwa lako, miaka hii yote watu wangekuwa walibeba na kulisifu. Nyinyi mwazika mtu, mwazika na mbao!" Mzee Zebedayo alicheka mpaka akakohoa. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la msasa tangu zamani.

Sasa, usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa na seti moja ya dramu, kuukuu. Paa la stoo likavuja masika mazima bila mtu kwenda kuchungulia, na tulipofungua mlango tukakuta mizinga ya dramu imefumuka kama mkate uliolowa. Vyuma vilikuwa vizima, ngozi zilikuwa nzima, matoazi yalikuwa mazima. Mbao tu ndizo zilizokufa. Mwenyekiti wa kwaya, Bwana Eliudi, akatangaza kwamba kwaya itaimba kwa kupiga makofi mpaka Bwana atakapofungua njia.

Njia ikafunguliwa na Mzee Zebedayo. Alisimama baada ya ibada, kofia mkononi, akasema atachonga mizinga mipya yeye mwenyewe, sadaka yake, asilipwe kitu. Mbao alikuwa nazo. Shamba moja la mkonge lilipobomoa ghala lake la zamani, alinunua milango yake ya mvule, kwa sababu baba yake, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani kutafuta kibarua, alipita katika milango ile kwa miaka mingi na mzigo wa katani kichwani. Mbao zile alikuwa amezihifadhi bila kuzifanyia kazi. Hakutaka kuzifukia.

Alikuwa na sharti moja tu: dramu zipigwe vanishi, mbao ionekane.

Kazi ilimchukua miezi mitatu. Kila mzinga aliuunga kwa vipande vyembamba vilivyokatwa mshazari, kama pipa, kisha akaupunguza kwa ndani taratibu, akigonga kwa kidole na kusikiliza. Nilikwenda kuiona mizinga ikiwa imekamilika, haijapakwa kitu. Mistari ya mvule ilizunguka mzinga mzima, kahawia na dhahabu, na hukuona kipande kimoja kilipokutana na kingine. Nakiri nilitokwa na machozi. Mzee alijifanya anatafuta msasa.

Tatizo likawa kalenda. Tamasha la kwaya lilikuwa wiki mbili baada ya Pasaka, na masika yalikuwa yamekolea. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kupaka vanishi anajua kwamba hewa ikiwa na maji, vanishi inapata ukungu mweupe na haikauki. Mzee alitaka mipako minane, na kati ya mpako na mpako siku ya jua. Jua lenyewe lilikuwa limehama Tanga.

Tukakutana kanisani. Mzee alileta vipande viwili vya mbao, kimoja kimepigwa vanishi, kingine Eliudi amekibandika stika nyekundu ya kumetameta. Kwaya ikapitisha vipande mkono kwa mkono. Niseme ukweli: wengi walishika zaidi ile nyekundu.

"Wenzetu wa Lushoto wanakuja na dramu zinazowaka," Eliudi alisema. "Sisi tuende na mbao kama za meza ya jikoni? Stika haikwaruziki, haiogopi chumvi, na inabandikwa asubuhi moja."

"Chema chajiuza, Mwenyekiti," Mzee akajibu. "Kibaya chajitembeza."

Watu wakaguna. Akaona hana wenzake. Akasema sawa, zivikwe kwa ajili ya tamasha. Lakini gundi ipakwe mshononi tu, pale ncha mbili za stika zinapokutana. Kwingine ibanwe na pete za chuma. Masika yakiisha, stika itavuliwa kama shati, naye atapiga vanishi yake kwa nafasi. Eliudi akakubali, wote tukasema amina.

Siku ya kubandika, Mzee hakuwepo. Dada yake alikuwa amefariki kijijini Amani, milimani, na alipanda kwenda kumzika, na jeneza juu ya gari. Kabla ya kuondoka alipita dukani kwangu mvua ikimnyeshea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni fundi, unajua mshono ni nini. Kasimame pale. Mwambie yule kijana wa stika, gundi mshononi tu."

"Nitamwambia, Mzee. Nenda kwa amani."

Nilikwenda. Nilifika mapema, nikasimama pale. Fundi wa stika, ambaye kazi yake ni kubandika bajaji, akafungua kopo la gundi kali ile ya viatu, akauliza apake vipi. Eliudi akasema, "Paka kote, isije ikafanya mapovu tukaaibika mbele za watu."

Nilifungua mdomo. Eliudi akanigeukia, akatabasamu: "Dada Yudith, ile sehemu ya kuimba peke yako kwenye tamasha nimekupa wewe. Umeizoea?"

Nikasema, "Nimeizoea, Mwenyekiti."

Ndivyo nilivyosema. Hakunitisha wala hakunihonga. Aliniuliza tu jambo nililokuwa nalisubiri miaka sita, na mimi nikanyamaza nikitazama brashi ikipaka gundi juu ya mvule, mzinga wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Harufu ilinipanda kichwani. Nilijiambia gundi ni gundi, itatoka.

Tamasha tukashika nafasi ya pili. Wageni walizizunguka dramu zetu, mmoja akauliza tumeziagiza wapi. Eliudi akasema, "Nje." Mzee Zebedayo alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale, na suti yake ya harusi. Alisikia. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Masika yakaisha. Mzee akaja na kopo jipya la vanishi. Eliudi akasema tusubiri Siku ya Wanawake ya usharika. Kisha tusubiri mavuno. Kisha Krismasi, na baada ya Krismasi Askofu anakuja, dramu nyekundu zitapendeza kwenye picha. Miaka miwili iliisha hivyo. Kila nilipopeleka lesi nilimkuta Mzee amelipindua lile kopo kichwa chini, ili vanishi isigande chini. "Zamu yake itafika," alikuwa akisema. Hakuniuliza kuhusu gundi hata mara moja, kwa sababu alikuwa amenituma mimi, na aliniamini. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Angeniuliza, labda ningemwambia.

Kifua kilimchukua mwezi wa saba, siku ya Alhamisi.

Jeneza lake alichonga Sele, mle mle karakanani mwa marehemu, kwa vifaa vya marehemu. Ijumaa baada ya swala nilimkuta anazunguka zunguka anatafuta kitu.

"Bi Yudith, kitambaa chake ki wapi? Na hili kopo alikuwa alitunzia nini? Kila siku alipindua, kila siku alipindua."

"Ni vanishi ya dramu za kanisa," nilisema.

"Na mbona haikupakwa?"

Nilimtolea kitambaa cha zambarau rafuni, nikakiweka juu ya meza. Sele akanitazama, akafungua kopo, akaikoroga. Ilikuwa nzima kabisa. "Basi mimi simviki kitambaa," akasema. "Rafiki yangu ataondoka mbao yake yaonekana." Akawasha jiko la mkaa kando ili ikauke.

Kumbe na Eliudi alikuwa amepata wazo lake. Jumamosi asubuhi nilimkuta kanisani, macho mekundu kwa kulia, na ninaamini alilia kweli. Alisema leo tumpe Mzee heshima yake, stika itoke, watu waone kazi. Akashika ncha pale mshononi, akavuta.

Nilisema "Ngoja," lakini nilisema kwa sauti ndogo.

Stika ilitoka na mbao. Nyuzi ndefu za mvule zilichanika kutoka juu mpaka chini, na palipokuwa pembamba, pale alipopunguza akisikiliza kwa kidole, mzinga ukapasuka. Eliudi akadhani amekosea mkono, akavuta upande mwingine. Akahamia mzinga wa pili, nao ukafanya vilevile. Tulipoacha, mizinga miwili ilikuwa imejaa madonda na mabaka ya gundi nyeusi, na ibada ilikuwa saa nane.

Nilikwenda karakanani nikachukua kile kitambaa cha zambarau. Niliivika mizinga ile miwili kwa misumari midogo, kama alivyokuwa akifanya, lesi juu na chini. Mikono ilijua kazi yenyewe. Saa nane jeneza likaingia, linang'aa, mistari ya mbao inaonekana mpaka viti vya nyuma, na watu wakanong'ona jinsi lilivyo zuri. Saa kumi lilikuwa chini ya udongo. Dramu zikarudi stooni na vitambaa vyake.

Siku ya kuondoa matanga, Eliudi alisimama kutoa neno la kwaya. Alimsifu marehemu vizuri. Kisha akasema, kwa huzuni, kwamba Mzee alitoa kwa moyo, ila ile mbao ya ghala ilikuwa imechoka, pengine ilikuwa na wadudu, ndiyo maana imechanika. Watu wakatikisa vichwa. Mjane wake akatazama mkeka.

Nikasimama. Safari hii sauti ilitoka. Nilisema mbao haikuwa na kosa lolote. Nilisema Mzee aliagiza gundi mshononi tu, kwamba alinituma mimi niseme, na kwamba siku ile ilipakwa kote mbele ya macho yangu.

Eliudi hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Dada Yudith," akasema, "nilikuwa nimesahau kabisa. Wewe ulikumbuka, na ulikuwa umesimama pale pale. Kwa nini hukusema?"

Mjane akainua uso wake kutoka kwenye mkeka, naye akangoja jibu.