Lasi ya Masi na Kidonge cha Mama

Ni asubuhi ngapi za mama yangu nilizozichukua kwa mikono yangu mwenyewe? Najiuliza swali hili tangu Jumatatu iliyopita, na sijui hata pa kuanzia kuhesabu. Nilikuwa na miaka tisa nilipopewa kazi ya kumpelekea kidonge chake kila alfajiri, nikaifanya kwa moyo wote hadi nilipoondoka kwenda chuo kikuu, na niliporudi nikaiendeleza. Kidonge juu ya kisahani, na kando yake gilasi ya lasi iliyojaa mpaka ukingoni: mtindi uliopigwa kwa maji, chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa. Sikuwahi kumwaga hata tone, na nilikuwa nikijivunia hilo.

Nyinyi mliokulia Kuze, mtaa wetu wa Mombasa ya kale, katika miaka ile ya tisini mtanielewa nikisema kwamba sisi tulijua saa kwa pua. Iliki ya mahamri ilituamsha. Viazi vya karai vilitupokea alasiri tulipotoka chuoni na juzuu zetu kifuani. Na katikati ya mchana, siku ambazo hatukwenda skuli, haradali ilipasuka ndani ya mafuta moto kwenye jiko la jirani, tukaisikia pa-pa-pa hadi barazani tulipokuwa tukicheza mdako, na ikafuatwa na harufu ya mvuje. Sisi utomvu ule tulifungiwa shingoni tulipokuwa wachanga ili mashetani yatukimbie. Jirani yetu aliutia ndani ya dengu na kuula. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hakuna shetani aliyethubutu kupita hata mbele ya nyumba yake.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Hansa, mjane wa Kihindi aliyezaliwa nyumba ile ile, akaolewa mtaa wa pili na kurudi alipofiwa na mume. Watoto wote tulimwita Masi, yaani dada wa mama kwa lugha yao. Hakula nyama, wala samaki, wala yai. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita hasa, ila alikivuta mwishoni kama anayeimba. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na dirisha la jiko lake lilitazamana na la kwetu kwa upana wa kichochoro ambacho mtu mnene angekipita kwa ubavu.

Kupitia madirisha hayo sahani zilivuka. Zake zilikuwa za chuma kinachong'aa, na jina lake lilichongwa kwa vitone chini ya kila moja. Zilikuja na kichri laini ya mchele na pojo, mchicha uliopikwa kwa vitunguu thomu, biringani lililochomwa na kupondwa, chapati nyembamba kama karatasi. Kwetu haikuwezekana sahani ya mtu kurudi tupu, kwa hiyo bibi yangu, mama yake mama, alikaa akiumiza kichwa: atamrudishia nini mtu asiyekula kitoweo? Ilirudi na mkate wa sinia, au visheti, au maembe mabichi ya achari. Watoto wa leo hupiga picha chakula kabla ya kukila na bado hawajui mpishi ni nani. Sisi hatukuwa na picha hata moja ya sahani zile, lakini naweza kukwambia ipi ilikuwa imebonyea ukingoni.

Mwaka ule wa kidonge, mama alianza kupungua huku akinenepa. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Uso ulijaa, sauti ikawa nzito, nywele zikabaki kwenye chanuo. Katika joto la Kaskazi, sisi tukilala sakafuni kwa kutafuta ubaridi, yeye alijifunika shali na miguu yake ilikuwa baridi kama imetoka mtungini. Alikuwa mshonaji wa kofia nyeupe za mkono, zile zenye vitobo vidogo, na wenye maduka Biashara Street walimgojea. Sasa sindano ilimlala mkononi. Jamaa za baba walisema ni uvivu. Wengine walisema ni jini mwenye usingizi. Bibi ndiye aliyegusa shingo yake siku moja akimsuka, akaona imevimba.

"Hili ni rovu," alisema. "Mwenye jini havimbi hapa."

Daktari alithibitisha kwamba tezi ya shingo ilikuwa imechoka kufanya kazi, akaandika kidonge kimoja kila siku, maisha yote. Baba aliporudi na mama kutoka huko alisema kwamba daktari ametaka kinywewe kabla ya kula. Bibi alikitazama kile kidonge kidogo kama punje ya mtama, akatikisa kichwa. Katika nyumba yetu dawa haikuingia tumbo tupu. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani kuliko daktari yeyote. "Ataka kumtoboa matumbo mwanangu?" aliuliza, na baba, aliyekuwa na akili ya kutobishana na mkwewe, akanyamaza.

Hapo ndipo Masi alipofunua shingo yake dirishani. Kumbe naye alikuwa na ugonjwa huo huo kwa miaka mingi. Tulishangaa, kwa sababu Masi alipanda ngazi zake mara kumi kwa siku na alitwanga manjano yake mwenyewe.

"Hansa, wewe wala nini?" bibi aliuliza.

"Nala nini? Mwaniletea sahani zangu kila siku, mwajua nala nini. Pojo, dengu, mchicha, mtindi."

Bibi alifunga hesabu hapo hapo. Chakula cha Kihindi ndicho kilichompa Masi nguvu, basi mama naye atakila. Mahamri yalipungua, pojo zikaja. Mbaazi za nazi zikaachia dengu nafasi. Masi alifurahi, akamfundisha mama kupiga lasi, akasema itamsaidia tumbo maana ugonjwa ule hufunga choo. Yote hayo yalikuwa kweli, na mama alipenda vyakula vile. Lakini bibi alikwenda hatua moja zaidi. Aliamua kwamba kitu kizuri kiende pamoja na kitu kizuri: kidonge kishushwe kwa lasi, ili tumbo lisiwe tupu na dawa ipate nguvu. Mimi nikapewa kisahani na gilasi.

Kulikuwa na jambo jingine, na nililiona mimi kwa macho yangu. Alfajiri, nikingoja maji yachemke, nilikuwa nikimtazama Masi upande wa pili. Alitoka kuoga, nywele zikimdondoka maji. Alisimama mbele ya rafu yenye picha za miungu yake, akatia kidonge mdomoni, akanywa kikombe cha maji. Kisha aliwasha taa ya samli, akapiga kikengele, akakaa na tasbihi yake muda mrefu sana. Hakutia kitu kingine kinywani mpaka jua lilipoingia kichochoroni. Chai yake ilikuja baadaye, na lasi aliinywa mchana.

Bibi alinikuta pale. "Ondoka dirishani. Hiyo ni ibada ya watu, haitazamwi."

Niliondoka. Tulikuwa watu wa adabu. Tulichukua chakula chake kwa sababu kilikuwa halali kwetu, na ibada yake tukamwachia mwenyewe. Kile kikombe cha maji tulikihesabu upande wa ibada.

Mama hakufa, wala hakupona. Alikuwa na siku nzuri na miezi mibaya. Daktari aliongeza dawa, akaongeza tena, akashangaa. Kila Ramadhani, hata hivyo, mama alichangamka. Bibi alimwamsha mapema kwa kidonge na maji, kwa vile mama hakuweza kula upesi akitoka usingizini. Daku yake ilingoja mpaka karibu na adhana. Mwisho wa mwezi sindano ilikimbia tena, na sikukuu ikamkuta ana kofia mpya ya baba. Tulisema ni baraka za mwezi. Ikifika mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, shali ilirudi mabegani.

Masi alichukuliwa na mwanawe kwenda kuishi ng'ambo karibu na mwisho wa miaka ile, na hakurudi. Habari za msiba wake zilitufikia kwa simu. Sahani yake ya mwisho ilibaki kwetu. Bibi naye alishatangulia. Mimi nilisoma kemia chuo kikuu, nikapata shahada, na nimewafundisha wasichana wa sekondari kwa miaka jinsi madini ya chokaa yanavyoshikamana na vitu vingine. Halafu kila alfajiri nikaenda jikoni kupiga mtindi.

Jumatatu iliyopita ndipo nilipoambiwa kwamba tezi yangu nayo imechoka. Sikushtuka, nililitarajia kama mtu anavyotarajia kurithi pua ya mama yake. Binti yangu, anayejua kila kitu kwa kuwa kimo ndani ya simu, alinitumia hapo hapo orodha ya vyakula vya Kihindi vya kusaidia tezi: pojo, dengu, mchicha, manjano, mtindi. Kizazi chake hununua maziwa ya manjano kwenye vikombe vya karatasi na kudhani yamevumbuliwa mwaka jana. Nilicheka peke yangu njiani. Nilimjibu kwamba orodha hiyo niliila yote kabla yeye hajazaliwa.

Nikaingia duka la dawa Makadara. Mfamasia alikuwa msichana mwenye buibui la kisasa na kucha za hina, umri wa wanafunzi wangu. Alinitolea pakiti, nikaitambua rangi yake kutoka mbali.

"Anti, hiki ni cha asubuhi," alisema. "Kwa maji matupu. Usile kitu mpaka ipite saa nzima. Na maziwa, mtindi, chochote cha maziwa, kiweke mbali. Masaa manne."

"Na mtu akikinywa na mtindi?"

"Hakiingii sawasawa. Chokaa ya maziwa hukishika, kiasi chapotea njiani. Mtindi wenyewe ni mzuri, anti, pojo na mchicha pia, wewe kula. Lakini chakula kisaidie, kisikae kwenye njia ya dawa."

Alisema hivyo huku akitafuta chenji. Nilisikia mlio wa tuktuk nje kama unatoka ndani ya kichwa changu. Kikombe cha maji cha Masi kilinijia mbele ya macho, na nywele zake zikidondoka, na taa ya samli. Ikanijia Ramadhani. Akanijia baba akinyamaza. Mimi mwenye shahada ya kemia nilikuwa nimesimama pale nikifundishwa na mtoto jambo ambalo ningeweza kulieleza ubaoni nikiwa nimefumba macho, laiti ningelitoa darasani nikalileta jikoni. Tulikuwa tumeiga sahani ya Masi na hatukuiga saa yake.

Sikumbuki kutembea hadi nyumbani. Nilimpigia simu daktari wa mama. Alisema tubadilishe, kidonge kiende na maji, na damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa kwa sababu huenda kiasi cha dawa alichozoea sasa kitakuwa kikubwa mno. Hilo lilikuwa rahisi. Lililobaki halikuwa la daktari. Mama ana miaka sabini na mbili. Husema kwa kila mgeni kwamba lasi ya Hansa na mikono ya bintiye ndivyo vilivyomweka hai. Je, nimwondolee hilo? Ningeweza kubadilisha gilasi na kusema ni amri mpya ya daktari, naye asingeuliza zaidi. Alasiri nzima nilipanga uongo huo na ulikuwa mzuri. Baada ya maghribi nilimwona akiinama kutafuta sindano aliyoiangusha, polepole, kama mtu aliye chini ya maji, nikaamua kwamba atajua.

Enzi zile tulikuwa na majirani tuliojua hata wanakula nini na saa ngapi, na tukaona haya kuwauliza kwa nini. Leo nyumba ya Masi imekuwa ya wageni wanaokaa usiku mmoja mmoja, na jibu la jambo lolote limo mfukoni mwa binti yangu. Sijui tungepona kwa lipi. Najua tu kwamba ningetoa simu zote za mtaa nipate dirisha lile kwa dakika tano, nimuulize.

Alfajiri iliyofuata, mama alipotoa salamu ya mwisho juu ya msala, nilikuwa nimekaa kando yake na kidonge na kikombe cha maji. Nilimweleza yote, tangu siku ya kwanza, bila kumwekea bibi lawama wala kujitoa mimi. Alisikiliza akizungusha tasbihi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Tisa, mama."

"Tisa," alirudia, akatazama kule jikoni, kwenye lile dirisha lililofungwa. "Hansa alinambia. Mara mbili alinambia, 'Dada, maji matupu.' Nikadhani ni dini yake. Nikaona haya kumkatalia, nikamwitikia tu."

Alikichukua kidonge, akanywa maji yote mpaka chini. Lasi nilikuwa nimeshaipiga, kwa mazoea. Niliiendea jikoni, nikaifunika kwa sahani ya Masi, tukakaa kungoja masaa manne yapite.