Dole Gumba la Mzee wa Nyundo

Watu wa mtaa wetu hapa Morogoro wakinikuta barazani huniuliza Marekani kukoje, nami huwajibu kwamba kunachosha. Hawaniamini. Wanaiona nyumba yangu ya vigae na stashahada yangu ya ufundi mitambo iliyo ukutani sebuleni, na kudhani vyote nilivikuta huko vimeandaliwa. Stashahada niliisomea kabla sijapanda ndege, na nyumba nimeijenga kwa jasho langu. Sikubebwa na mtu. Lakini nikiulizwa ni nini hasa kilichonichosha miaka ile ya tisini, sitataja theluji wala kazi ya kiwandani. Nitataja mabishano ya wazee kuhusu bunduki.

Siku za wiki nilifanya kazi katika kiwanda cha vipuri huko Blaine, kaskazini mwa Marekani. Jumamosi, badala ya kulala kama binadamu wengine, niliendesha gari kutoka Brooklyn Center tulikopanga hadi kwenye karakana moja ya bunduki za kale, Saint Paul. Mwenye karakana alinichukua baada ya kuniona nikichonga kwa tupa skrubu ambayo haikuuzwa tena popote. Nasema bila haya: kwa tupa, mji ule haukuwa na mpinzani wangu. Nilitundika nakala ya stashahada juu ya benchi langu, kando ya pembe za kulungu. Pembe zilisifiwa mara nyingi.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na jiko la kuni. Hapo ndipo wakusanyaji walipokutana, wazee watupu, wenye bunduki za marisawa za mitutu miwili zilizoundwa kabla baba zao hawajazaliwa. Walikuwa kambi mbili. Kambi moja ilipenda bunduki za nyundo, zile zenye vyuma viwili vilivyopinda kama masikio ya mbuzi, vimesimama nje nyuma ya mitutu. Unavivuta nyuma kwa dole gumba kabla ya kufyatua. Hao walisema bunduki lazima ikuonyeshe uso wake, ujue kwa macho kama iko tayari kuua au imelala. Kambi nyingine ilipenda bunduki ambazo nyundo zake zimefichwa ndani, zikijivuta zenyewe unapoifungua bunduki. Hao walisema nyundo za nje hunasa kwenye koti na kushika theluji, na kwamba mtu mwenye akili havuti kwa kidole kitu ambacho mashine inaweza kukivuta. Hoja zilikuwa hizohizo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi nilikuwa nyuma na tupa yangu, macho yananiuma kwa usingizi, na ningeweza kuzisahihisha kambi zote mbili kabla chai haijapoa. Hawakuniuliza.

Waliopiga kelele kuliko wote walikuwa wawili. Mmoja nilimwita moyoni Mzee wa Nyundo. Wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, aliyekuja kutoka Eden Prairie na bunduki laini isiyo na kitu nje, inayong'aa kama kiatu cha harusi. Shemeji huyu aliapa hatagusa bunduki yenye masikio maishani mwake.

Walikuwa na desturi moja. Kila Jumamosi mtu mmoja alileta bunduki yake mezani. Aliifungua kuonyesha haina risasi, akaifunga, kisha kama ni ya nyundo akazivuta zote mbili ili wenzake wasikilize mlio, halafu akazishusha polepole kwa dole gumba. Asiyeweza kufanya hivyo kwa mkono wake alitakiwa kuiuza bunduki na kuiacha meza. Sheria hiyo aliitunga Mzee wa Nyundo. Ndiye pia aliyeisimamia siku mwenzao aliyepooza mkono alipoomba asaidiwe. Yule mtu alitoka na bunduki yake imezungushiwa blanketi, na hakurudi tena.

Majira ya majani kuanguka, Mzee wa Nyundo alinifuata nyuma ya karakana akafunga mlango. Dole gumba lake lilikuwa limevimba kwenye kiungo, limeelekea upande kama mti uliosukumwa na upepo.

"Fundi, zamu yangu ni Jumamosi ijayo," alisema. "Zilegeze springi za nyundo."

Nilimwambia springi za asili zikiguswa, wakusanyaji wataihesabu bunduki ile kuwa imekufa. Kwao afadhali kutu ya asili kuliko chuma kipya. Alijua hivyo kuliko mimi. Alikaa juu ya kreti akaniambia, bila kunitazama, kwamba tangu mkewe afariki hapakuwa na mahali pengine duniani alipongojewa na mtu.

Basi nikamwahidi springi mpya, laini, na zake nizihifadhi zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Nilizichonga wakati wa mapumziko ya mchana kule kiwandani, nikila mkate kwa mkono mmoja. Mke wangu, aliyekuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, aliziona nikizikagua nyumbani, akasikiliza habari yote na kusonya.

"Baba watoto, hiyo ni baridi yabisi," alisema. "Utalegeza chuma mpaka kiwe uji, kidole hakitapona."

Nilimjibu kwamba yeye hajasomea chuma.

Jumamosi ilipofika nilisimama mlangoni nikijifanya kufuta mikono. Mzee aliifungua bunduki, akaifunga. Nyundo ya kulia ilirudi nyuma ikatoa mlio mfupi, mzito. Shemeji aliinua kichwa. Alisikia kwamba ule si mlio aliouzoea, akanitazama, nami nikatazama dirisha. Mzee akahamia nyundo ya kushoto. Kidole kiliteleza. Akajaribu tena, kikateleza tena. Kila mtu pale alilikumbuka lile blanketi.

Shemeji akasukuma kiti chake, akazunguka meza.

"Lete hapa," alisema. "Umenipigia kelele nusu ya uzee wangu kwa ajili ya mbuzi huyu. Nataka nijue ana nini."

Akaichukua kabla mwenzake hajakataa, akaivuta nyundo ya kushoto.

"Sasa zinashushwaje?"

"Hujui?"

"Nitajuaje? Bunduki yangu si ya mababu. Nifundishe, au umesahau na hilo pia?"

Mzee aliisogelea bunduki. Akaanza kumwelekeza kwa sauti iliyokwaruza: kidole juu ya nyundo, ubane kwanza, sasa uguse kifyatulio, usiiachie, iteremshe kama unamlaza mtoto. Shemeji alifanya vibaya kwa makusudi au kwa kweli, sijui, akatukanwa, akarudia. Mmoja wa wale wazee akakohoa, akasema sheria inamtaka mwenye bunduki aifanye mwenyewe.

"Mwenye bunduki anafundisha," shemeji alijibu bila kugeuka. "Au kuna sheria inayokataza kufundisha?"

Yule aliyekohoa akainamia kikombe chake. Ubishi wa kambi mbili ukaendelea, na shemeji akasema sasa ana uhakika kwamba bunduki za nyundo ni upuuzi, maana amezishika.

Jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, Mzee wa Nyundo alinijia tena kwenye benchi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti. Shemeji alikuwa nje, anamngojea kwenye gari linalonguruma.

"Rudisha springi zangu za zamani," alisema. "Huyu ana vidole vizima. Atazivuta yeye, atoe jasho kila zamu yangu."

Nikavua koti. Nikakitafuta kile kitambaa chenye mafuta, nikawasha tena taa ya benchi. Springi nilizozichonga mimi, kazi safi ambayo sijaona mtu wa kuiweza, niliziweka mfukoni na kwenda nazo nyumbani.