Kadi Zilizofungwa Pindoni mwa Leso

Kipa huona migongo. Wenzangu wote wakiwa mbele nami nyuma yao, kila mtu ninayecheza naye namtambua kwa kisogo na mwendo. Mshambuliaji akichoka hutoka, beki akiumia hubebwa, hata kocha hukasirika akaenda zake nyumbani. Mimi nabaki pale pale baina ya milingoti. Nimelinda lango la timu yetu ya Malindi kwa muda mrefu kuliko mmiliki yeyote aliyewahi kuinunua, na watu hunisifu kwamba naipenda timu kwa dhati. Huwa nawacheka tu. Kilichonibakisha ni wali, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Nilikuja mjini kutoka Jilore, kwa mama yangu mkulima, ambaye hadi leo huuliza mpira utavunwa lini. Timu wakati huo ilikuwa ya mgeni mmoja mwenye hoteli ya ufuoni. Mshahara ulikuwa mdogo na ulikuja unapotaka, lakini alituahidi chakula kila baada ya mazoezi. Karibu na uwanja palikuwa na mkahawa wa mjane mmoja, Mswahili wa mjini, rika la mama yangu, ambaye sote tulimwita Mama. Walikubaliana kwa mdomo, wamekaa kwenye viti vyake vya plastiki: timu itakula, hoteli italipa mwisho wa mwezi. Mama alipouliza ni nani atakayethibitisha kwamba tumekula, yule mgeni alinielekezea kidole kwa kuwa nilikuwa kapteni. Nilicheka. Sikuona kazi rahisi kuliko kuwa shahidi wa kula.

Na tulikula kweli. Wali wa nazi na mbaazi, samaki siku za neema, na mahamri asubuhi ya safari. Mama alilipwa miezi michache ya mwanzo. Halafu watalii wakapungua, hoteli ikafungwa kwa ukarabati ambao mpaka leo haujaisha, na timu ikauzwa kwa mtu aliyekuwa akitafuta kiti cha siasa. Huyo alitubadilishia jezi zikawa rangi ya chama chake. Kuhusu deni la chakula alisema aliyekula ni mwenye hoteli, aulizwe yeye. Nikamwambia, "Mheshimiwa, tuliokula ni sisi." Akadhani namfanyia mzaha, akanipigapiga begani. Tukaendelea kula, mara hii kwa jina lake. Kura zilipohesabiwa na yeye kushindwa, simu yake ilizimwa na haikuwashwa tena.

Hapo ndipo Mama alipozichukua kadi. Kila mchezaji wa ligi ana kadi ya usajili yenye picha yake, na kabla ya mechi kadi zote huwekwa mezani kwa refa. Asiye na kadi hachezi. Meneja wetu alikuwa na mazoea ya kuuacha mfuko wa kadi kwa Mama tunapokula. Siku moja alikwenda kuuchukua akaukuta mtupu. Mama alikuwa amezitia kadi katika pindo la leso aliyojitanda, akalifunga fundo pale wanawake wa kwetu wanapofungia pesa zao. Hakupiga kelele. Alisema, "Hizi ntakaa nazo miye. Siku ya mechi ntakuja nazo, na mechi ikesha ntarudi nazo. Atakayenilipa changu, tampa chake."

Basi akawa anakuja. Alifunga mkahawa kila siku ya mechi, akavaa buibui lake, akakaa kwenye benchi karibu na meza ya refa huku ameshika pindo. Safari za Kilifi na Mariakani alikwenda nasi, kiti cha mbele. Mpira haukumhusu hata kidogo. Tukifunga bao alitazama saa, tukifungwa alitazama saa. Kipenga cha mwisho kikilia alikuwa wa kwanza kufika mezani, mkono ameunyoosha, na marefa wenyewe walizoea kumhesabia. Timu nyingine zilituita wakwe wa Mama, eti tunadaiwa mahari. Tulitaniwa hivyo mpaka tukawa tunajiita wenyewe.

Mimi utani huo ulinichoma zaidi ya wenzangu. Nikiwa golini nilikuwa naliona lile fundo, nikijua sura yangu imo mle ndani, imebanwa na sura za wenzangu. Nilitamani kumkasirikia nikashindwa, maana hata nikimkasirikia jioni ile ile nitakwenda kula kwake. Alikuwa hajaacha kutupikia. Alisema akiacha tutatawanyika, na tukitawanyika hatalipwa milele. Kwa hiyo kila sahani aliyotupa ilizidi kumfunga yeye kwetu, na sisi kwake, na wote tulilijua jambo hilo tukiwa tunatafuna.

Msimu uliofuata kocha wa timu moja ya Mombasa alinipigia simu. Ilikuwa timu ya shirika, zile ambazo mchezaji huajiriwa, akapata mshahara wa kila mwezi na bima, na akistaafu mpira anabaki na kazi. Alikuwa ameniona nikicheza na akanitaka. Alihitaji vitu viwili kabla ya dirisha la usajili kufungwa Ijumaa: kadi yangu, na barua ya kuachiliwa iliyotiwa sahihi na mmiliki wetu mpya. Nilikuwa katika umri ambao simu ya namna hiyo haiji mara ya pili. Nilikwenda nyuma ya uwanja nikaruka peke yangu kama mtoto.

Asubuhi yake nilimkuta Mama akikaanga mahamri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi, wanjaa?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akigeuza mahamri moja moja, hakuharakisha hata kidogo.

"Nikikupa yako, wenzio ntawambiaje?" aliuliza. "Na hao wenzio n'nani awatakao? Atakikanaye ni wewe peke yako. Siku utakayoondoka, hiki nilichofunga hapa ni makaratasi matupu."

"Kwa hivyo mimi ndiye ng'ombe wako, Mama? Unanishikilia mpaka mnunuzi aje?"

Nililisema kwa sauti, na watu waliokuwa wakinywa chai waliinua vichwa. Mama alilitoa karai motoni.

"Muuza mchele yuwanidai," alisema. "Muuza samaki yuwanidai. Jana nimezunguka njia ya nyuma ya msikiti wasinione, mtu mzima miye, nakwenda nikijificha kama mwizi wa kuku. Waniuliza kama wewe n'ng'ombe. Na miye ni nini?"

Kisha akalifungua fundo kwa vidole vyenye unga, akazipekua kadi mpaka akaipata yangu, akaniwekea mkononi. "Shika. Nenda zako. Wala usinitizame hivyo." Niliondoka upesi kabla hajabadili nia. Kadi ilikuwa na alama ya kidole chake juu ya paji la uso wangu, na niliifuta kwa shati njiani.

Mmiliki wa tatu, aliyetununua baada ya yule wa siasa kupotea, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Ofisi yake iko Kilifi na malori yake yako Mariakani. Hakututaka sisi. Alitaka nafasi yetu katika ligi, aihamishie Mariakani na kuijaza wachezaji wake, na wakubwa wa ligi walimwambia hawezi kuhama mpaka aonyeshe kwamba timu haidaiwi na mtu. Hilo mimi sikulijua nilipoingia ofisini kwake siku hiyo hiyo, kadi mfukoni.

Alinipokea vizuri, nakiri. Aliniagizia soda. Barua yangu ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa na muhuri, na jina langu lilikuwa limeandikwa bila kosa, jambo ambalo wamiliki wawili wa kwanza hawakuliweza. Pembeni yake palikuwa na karatasi nyingine. Ilisema kwamba wachezaji walikuwa wakijinunulia chakula wenyewe, na kwamba timu haikuwahi kuagana lolote na yule mama wa mkahawa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya kapteni.

"Hapo tu, kapteni," alisema, "halafu ubebe barua yako."

"Lakini tulikula, bosi. Nilikuwapo walipokubaliana."

"Najua mlikula. Sikuulizi kama mlikula. Nakuuliza kama unataka kwenda Mombasa."

Nilitaka. Sijawahi kutaka kitu namna ile, si kabla wala baada. Nilitaka kumwezekea mama yangu nyumba, nilitaka kitambulisho cha kazi cha kuning'iniza shingoni, nilitaka kuamka mahali ambapo hakuna anayenijua kwa deni. Nikajiambia kwamba Mama hatalipwa, nitie sahihi nisitie, na hilo lilikuwa kweli, hakuna aliyekuwa na nia ya kumlipa. Niliishika kalamu. Kilichonijia kichwani hakikuwa haki wala dini. Nilikumbuka siku tuliyofungwa vibaya Mariakani kwa makosa yangu, hakuna mwenzangu aliyetaka kukaa karibu nami, naye Mama tuliporudi akanipakulia wa kwanza, akaniwekea kichwa cha samaki changu ambacho siku zote alimwekea kocha. Hata matokeo sidhani aliyajua.

Nilimwambia yule bosi natoka nje kidogo nikafikirie. Akasema hewala, yeye yuko. Nikakaa kwenye ukuta ng'ambo ya barabara nikawa nafikiria. Wafanyakazi walitoka, wa mwisho akafunga mlango, askari akafunga geti, nami bado nafikiria. Naye bosi alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akaniangalia, akaenda. Watu wakisema nilikataa, wananipa sifa nisiyostahili, maana neno la kukataa halikunitoka. Kesho yake ilikuwa Ijumaa na sikwenda. Mombasa wakachukua kipa mwingine.

Jumamosi nilimrudia Mama. Alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele.

"Ushaondoka wewe," alisema. "Wafanyani hapa?"

Nikamsimulia yote, ile karatasi, ile kalamu, ule ukuta. Nitasema kweli: nilitarajia machozi. Nilitarajia aniombee dua, aniite mwanawe mbele ya watu. Mama alilitua sinia chini kwa nguvu, mchele ukamwagika.

"Nani alokutuma?" alisema. "N'nani alokwambia unilinde miye? Mjinga wee! Ungelitia sahihi yako, ukenda zako Mombasa, ukafanya kazi, ukanilipa mwenyewe kidogo kidogo kwa mshahara wako! Hilo hukuliona?"

Sikuwa nimeliona. Naapa, mchana kutwa juu ya ule ukuta halikunipitia akilini hata mara moja.

"Ama hukuwa na nia ya kunilipa?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Nimejiuliza swali hilo tangu siku ile. Nilichojua ni kwamba mimi ndiye niliyekula na mfukoni sikuwa na kitu. Nikatoa kadi nikamnyooshea, akausukuma mkono wangu. "Kaa nayo. Nshakupa. Sikuirudisha ili unirudishie." Tukainama tukaokota mchele, kila mmoja upande wake. Baadaye akaniwekea sahani.

Ule mpango wa Mariakani ulikufa. Bosi wa malori alichoka nasi akatuuza, na aliyenunua akauza tena, na kila mmoja huja uwanjani na tai yake na ahadi zake, akiulizwa habari za Mama husema hayo ni ya waliotangulia. Tumeshuka daraja. Wenzangu wa zamani wameacha mpira, na kadi za msimu huingia na kutoka katika lile pindo zikiwa na sura nisizozizoea. Goti langu la kushoto hulia nikipiga magoti. Mama naye anatembea kwa fimbo, lakini benchi lile bado ni lake, na muuza mchele wa zamani alishafariki, akamwachia mwanawe hilo deni.

Yangu ndiyo kadi pekee isiyofungwa. Kila siku ya mechi huja nayo mwenyewe, nikampa Mama azipeleke zote pamoja mezani, na mechi ikiisha yeye huichomoa kwanza na kunirudishia kabla ya kufunga nyingine. Wale wachezaji wapya hudhani mimi ni jamaa yake. Wiki iliyopita tulipomaliza alininyooshea kadi yangu kama kawaida. Nilikuwa na glavu mkononi, nimechoka, na sikuona tena tofauti ya mfuko wangu na pindo lake. Nikamwambia akae nayo tu. Aliitia pamoja na nyingine, akalikaza fundo, kisha akaniuliza kama leo nitakula.

Nikamwambia nitakula.